Mwongozo Kamili wa Kutunza Kinywa na Meno ya Mgonjwa wa Akili

Kijana mmoja aliletwa kwangu na mama yake kutoka upande wa Bahi, miaka ile nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii ya kinywa na meno. Mama alieleza kwamba mwanawe anatumia dawa za akili, na kwamba kwa miezi miwili hana usiku wala mchana, anasema jirani amempigilia msumari kwenye taya. Nilimfungua kinywa, nikamulika, sikuona tundu, nikamwandikia parasetamo na kumshauri mama arudi kliniki ya akili ili dozi iangaliwe upya. Baada ya wiki mbili walirudi, shavu la kulia likiwa limevimba hadi jicho limeanza kufumba. Safari hii nililivuta shavu sawasawa kwa kioo, nikaona kijipu chenye usaha kwenye fizi, juu ya gego la juu lililotoboka kwa upande wa nyuma. Msumari alioutaja ulikuwapo, ila hakuwa na jina jingine la kuuita. Tulipomaliza kung'oa aliendelea kumtuhumu jirani yake, lakini usiku ule, kwa maelezo ya mama, alilala mpaka jua likatoka.

Mwongozo huu nimeuandika kwa sababu ya kosa hilo. Unawahusu kwanza ndugu wanaomuuguza mgonjwa nyumbani, kisha watoa huduma wenzangu wa hapa Dodoma, Singida na wilaya za jirani, ambako karibu kila ukoo una mtu aliyewahi kupelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na ambako jina la hospitali hiyo, iliyopo tangu miaka ya 1920, watu bado wanalitumia kutaniana na hata kutukanana. Kwa dharau hiyo hiyo, malalamiko ya mgonjwa wa akili huaminiwa mwisho, na jino halina subira ya kungoja mtu aaminiwe.

Hatua ya kwanza: chunguza kinywa kabla ya kulaumu ugonjwa

Mgonjwa aliyezidiwa mara nyingi hasemi kwamba jino linamuuma. Huanza kutafuna upande mmoja, hukataa ugali lakini hunywa uji, hujipiga shavuni, hulala ameshika taya, huamka usiku na kuzunguka uani, au huwa mkali bila sababu inayoonekana. Anayeugua sonona huweza kunyamaza kabisa na kula kidogo kidogo, nyumba nzima ikidhani ni huzuni yake ya siku zote. Kwa hiyo tabia inapobadilika ghafla kwa mtu ambaye alikuwa ametulia kwa dawa, angalia kinywa siku hiyo hiyo, hata kama unajiandaa kumrudisha kliniki.

Mketishe mahali penye mwanga, mwombe ruhusa, kisha tumia tochi ya simu na mpini wa kijiko safi kuvuta shavu taratibu. Unatafuta matundu meusi au ya kahawia, fizi zinazovuja damu, kijipu chenye usaha, kidonda kisichopona kwa zaidi ya wiki mbili, ulimi uliokauka na kupasuka, utando mweupe unaofutika, na jino linalotikisika. Usisahau meno ya nyuma. Akikataa kufungua kinywa usimlazimishe, kwa kuwa ukimlazimisha leo utakuwa umejifungia mlango wa kesho. Mwachie, umrudie baada ya chai.

Kwa watu wa kanda hii kuna jambo la kutenganisha mapema. Baadhi ya visima vya Singida, Manyara na sehemu za Dodoma vina madini mengi ya floridi, kupita miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kuwa kikomo, na watu waliokulia kwenye maji hayo huwa na meno yenye madoa ya kahawia au mabaka meupe tangu utotoni. Madoa hayo si uozo, na mgonjwa asisuguliwe kwa mkaa au mchanga ili yatoke. Uozo una tundu, au sehemu laini inayonasa chakula.

Hatua ya pili: beba dawa zote, hata zile ambazo haziitwi dawa

Hapa ndipo wengi hukosea, tena pande zote mbili. Ndugu huficha kwamba mgonjwa anatumia dawa za akili kwa kuogopa kudharauliwa, na mtoa huduma wa meno haulizi kwa sababu foleni ni ndefu. Kabla ya kutoka nyumbani, weka kwenye mfuko mmoja pakiti zote za vidonge, kadi ya kliniki yenye tarehe ya sindano ya mwezi (dawa ya akili inayochomwa mara moja kwa mwezi), na ujiandae kusema kweli kuhusu sigara, ugoro, pombe, bangi na mirungi. Hatutoi taarifa polisi. Tunataka kujua ni ganzi gani itakayokufaa na ni dawa gani ya maumivu haitakudhuru.

Dawa nyingi za akili hukausha mate. Anayeongoza kwa hilo, kwa ninavyoona, ni benzeksoli, kile kidonge kidogo kinachotolewa kuzuia mwili kukakamaa, na mwenzake ni amitriptilini. Klopromazini na olanzapini hukausha pia. Klozapini hufanya kinyume, mate humwagika hadi mto ukalowa usiku. Sindano za mwezi na haloperidoli huweza kuleta mijongeo ya taya na ulimi isiyozuilika, mgonjwa akawa kama anatafuna kitu kisichokuwapo, na kwa mtu huyo meno bandia hayakai mahali pake. Siku za mwanzo za dawa hizo taya pia laweza kukaza ghafla au shingo kupinda upande. Hilo si jambo la fundi wa meno wala la mganga, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, kwa maana lina dawa yake na hulegea upesi.

Fenitoini, inayotumiwa na wagonjwa wengi wa kifafa wanaohudhuria kliniki hizo hizo za akili, hunenepesha fizi mpaka zikafunika nusu ya jino. Usafi mkali hupunguza tatizo hilo, na daktari anaweza kubadilisha dawa. Lakini narudia kwa herufi nzito kama ningekuwa nazo: hakuna anayeruhusiwa kuacha dawa ya kifafa kwa sababu ya fizi, kwani kifafa kikirudi kwa mfululizo huua, na fizi haijamuua mtu.

Hatua ya tatu: kinywa kikavu na kikombe cha sukari

Mate ndiyo mlinzi wa meno. Huosha mabaki, hupooza tindikali inayotengenezwa na bakteria baada ya kula sukari, na hurudisha madini kwenye jino. Mate yakipungua, jino ambalo lingechukua miaka kutoboka laweza kutoboka kwa miezi, hasa shingoni mwake, pale linapokutana na fizi. Sasa mwangalie mgonjwa mwenye kinywa kikavu anafanya nini: anatafuta kitu cha kulowesha koo, na kilicho karibu ni soda, juisi ya unga, chai yenye vijiko vinne, pipi, au ubuyu mwekundu wa sukari unaouzwa kila kona ya mji huu. Ubuyu wenyewe una tindikali, sukari imeongezwa juu, na mgonjwa anaumumunya kutwa nzima. Nimewahi kumhesabia mzee mmoja mbegu za ubuyu alizotema kwenye karatasi akiwa foleni, zikafika arobaini na kitu kabla hajaitwa. Meno yake ya mbele ya juu yalikuwa yamebaki vishina.

Kinachodhuru zaidi ni idadi ya mara kwa siku, kuliko wingi wa sukari kwa mara moja. Anayekunywa chai ya sukari mara moja pamoja na chakula huumia kidogo kuliko yule anayeonja soda ile ile kuanzia asubuhi hadi alasiri. Kwa hiyo, badala ya kumpiga marufuku (marufuku huzaa ugomvi na kununua kwa siri), panga sukari iwe ndani ya milo, na kati ya milo awe na chupa ya maji karibu yake, anywe funda dogo kila baada ya muda. Bigijii isiyo na sukari huchochea mate vizuri kama mgonjwa anaweza kuitafuna bila kuimeza. Karoti, tango na karanga zinafaa kuliko biskuti. Zabibu mbichi za shambani si adui zikiliwa na mlo. Zabibu kavu zinanata, ziepukwe.

Muulizeni pia daktari wa akili kama benzeksoli bado inahitajika kwa dozi ile ile. Wapo wanaoendelea nayo kwa miaka kwa sababu tu hakuna aliyeuliza. Swali hilo liulizwe kliniki. Mtu asipunguze kidonge mwenyewe nyumbani.

Hatua ya nne: mswaki wenye saa yake

Ugonjwa wa akili huchukua kwanza nguvu ya kuanza jambo. Kumwambia mtu mwenye sonona kali “nenda kapige mswaki” ni kumpa kazi sita kwa pamoja: ainuke, atafute mswaki, atafute dawa ya meno, achote maji, apige, arudi. Mpunguzie hizo tano. Mletee mswaki ukiwa umeshapakwa dawa, na beseni, pale alipokaa. Wengi watamalizia wenyewe.

Funga mswaki na kidonge. Kwa kuwa mgonjwa tayari ana saa ya kunywa dawa ya usiku, mswaki utangulie kidonge hicho, kila siku, bila mjadala. Ule wa usiku ndio muhimu zaidi, kwa sababu mate hupungua usingizini, na dawa zenyewe hukausha zaidi. Asubuhi iwe mara ya pili. Tumia mswaki laini wenye kichwa kidogo na dawa ya meno yenye floridi kati ya ppm 1,000 na 1,500 (sehemu kwa milioni) kama ilivyoandikwa kwenye boksi, kwa dakika mbili, ukielekeza nywele za mswaki kwenye mpaka wa jino na fizi. Akimaliza ateme povu bila kusukutua, ili floridi ibaki kwenye meno. Kwa kijiji ambacho ndoo ya maji inatafutwa mbali, hiyo ni habari njema: nusu kikombe kinatosha kuoshea mswaki.

Anayezoea mswaki wa mti asinyang'anywe. Autumie, lakini aupake dawa ya meno na asisugue kwa nguvu kuelekea kwenye fizi. Ikibidi umpige mswaki wewe, simama nyuma yake kidogo kama kinyozi, egemeza kichwa chake kifuani pako, na uongee naye muda wote. Ukisimama mbele yake na mkono ulioinuka, mtu mwenye hofu au wasiwasi wa kudhuriwa huona shambulio.

Wanaowatunza wagonjwa wengi pamoja, kwenye wodi au kwenye makazi, waandike jina kwenye kila mswaki na kuubadilisha kila baada ya miezi mitatu. Sina la kuongeza hapo.

Hatua ya tano: safari ya kwenda kutibiwa

Nauli ni sehemu ya matibabu. Mgonjwa anayetoka Mpwapwa, Kondoa au Manyoni kuja Dodoma mjini mara moja kwa mwezi kwa ajili ya sindano asipangiwe siku nyingine ya meno ikiwa mambo hayo mawili yanaweza kwenda pamoja. Huduma ya kinywa na meno ipo kwenye hospitali za rufaa za mikoa, Hospitali ya Benjamin Mkapa, hospitali nyingi za wilaya na baadhi ya vituo vya afya. Omba muda wa saa nne au saa tano asubuhi, baada ya usingizi wa dawa za usiku kuisha na kabla foleni haijamchosha. Asije na njaa, na asiache dozi yake ya asubuhi kwa kudhani itagongana na ganzi.

Ulizia gharama mapema, pamoja na kile ambacho bima yake inalipia katika meno, kwa kuwa kung'oa, kuziba na kutibu mzizi havilipiwi kwa namna moja. Asiye na uwezo apitie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kukaa foleni ya meno, maana akienda huko baadaye ataanza upya.

Hatua ya sita: kwenye kiti

Sasa ninazungumza zaidi na wenzangu. Mwenye ugonjwa wa akili anabaki na haki ya kuelezwa na kuamua. Wengi, siku wanapokuwa wametulia, wanaelewa vizuri kabisa tofauti ya kuziba na kung'oa, na saini inayotakiwa ni yao. Ndugu akikujibia kila swali, mgeukie mgonjwa na umuulize tena kwa jina lake. Kwa bibi wa Kigogo, neno moja la salamu ya kwao, “mbukwa”, kabla ya Kiswahili chako cha hospitali laweza kufanya kazi kuliko kidonge cha kutuliza. Pale ambapo kwa kweli hawezi kuamua na jambo si la dharura, ahirisha, umsubiri atulie.

Mwambie, mwonyeshe, ndipo ufanye. Kioo mwachie akishike. Kelele ya mashine ya kutoboa aisikie ikiwa mbali na kinywa kabla haijakaribia, hasa anayesikia sauti. Mpe ishara ya kusimamisha, kama kuinua mkono wa kushoto, na akiinua simama kweli, hata mara ya kwanza anapokujaribu. Usimfunge wala kuwaita vijana wa kumshika kwa jambo linaloweza kungoja. Ziara ya kwanza inaweza kuishia kuhesabu meno na kukwangua ugaga wa meno mawili, na hiyo ni kazi iliyokamilika.

Kiti kisilazwe chini kabisa kwa mwenye klozapini, mate yatamkaba. Na mwenye klopromazini akimaliza aketi dakika mbili kabla ya kusimama, kwa kuwa shinikizo la damu hushuka ghafla na anaweza kuanguka mlangoni.

Ganzi ya lignokeini yenye adrenalini inatumika kwa wengi wao, mradi uvute bomba la sindano nyuma kwanza kuhakikisha hauko ndani ya mshipa, uchome taratibu, na kwa anayetumia amitriptilini ujizuie kwenye katriji mbili. Kwa mwenye valproeti anayehitaji kung'olewa meno kadhaa, omba kipimo cha chembe sahani, zile zinazogandisha damu, kabla. Mwenye lithiamu usimpe ibuprofeni wala diklofenaki, kwa sababu huifanya lithiamu ijikusanye mwilini hadi kuwa sumu, parasetamo inamfaa. Mwenye kabamazepini usimpe erithromaisini, kwa sababu kama hiyo hiyo. Tramadoli uiogope kwa mwenye kifafa na kwa anayetumia fluoksetini. Anayekunywa pombe na huna hakika kama ataiacha kwa siku tano, fikiria mara mbili kabla ya metronidazoli.

Meno bandia ya kuvua kwa mwenye kifafa kisichodhibitiwa ni hatari, kwa kuwa kipande chaweza kuvunjika na kuingia njia ya hewa. Afadhali pengo.

Baada ya kung'oa

Dakika thelathini za kwanza mgonjwa abaki pale pale hospitali, aking'ata pamba. Nawasihi ndugu wasimwache peke yake, kwa sababu nimeona pamba ikimezwa, na nimeona mgonjwa akitafuna mdomo wake wenye ganzi kwa udadisi mpaka ukachanika, huku kaka yake akiwa nje anaongea na simu. Siku hiyo asisukutue, asiteme teme mate, asivute sigara, wala asiguse tundu kwa kidole. Ale uji uliopoa, viazi vilivyopondwa, ugali laini kwa mlenda. Kesho yake aanze kusukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa kikombe, mara tatu au nne kwa siku. Dawa zake za akili ziendelee kama kawaida usiku ule ule.

Usingoje miadi ukiona uvimbe unashuka chini ya taya au shingoni, kinywa hakifunguki, mate hayamezeki, pumzi inabana, au kuna homa kali. Hapo ni dharura, tafuta gari hata kama ni usiku. Vilevile, mwenye klozapini au kabamazepini akipata vidonda vya kinywa pamoja na homa au koo kuuma, apimwe damu siku hiyo, kwani huenda chembe nyeupe zimeshuka.

Marudio

Wengine huambiwa warudi baada ya miezi sita au mwaka. Kwa mwenye kinywa kikavu mimi huweka miezi mitatu, nimpake vanishi ya floridi, nikwangue ugaga na kuangalia shingo za meno moja moja. Kadi ya pili hupotea, kwa hiyo siitoi. Tarehe ya meno naiandika kwenye kadi ile ile ya kliniki ya akili, kwa kalamu, chini ya tarehe ya sindano.